Eti tumboni kuna neva nyingi kuliko kichwani?

Kijana_wa_PCB: Habari wakuu, kuna mtu kaniambia utumbo una ubongo wake wenye neva nyingi kuliko ubongo wa kichwani, ndo maana ukikaribia mtihani tumbo linavuruga. Kitabuni kwetu wamegusia kidogo sana. Kuna ukweli hapo?

Mzee wa Maabara: Hiyo ya nyingi kuliko kichwani si kweli mdogo wangu. Ubongo una seli za neva kama bilioni 86, za utumbo zinakadiriwa kati ya milioni 100 na 500, yaani hata ukichukua hiyo 500 haifiki asilimia moja. Ila usizidharau, kapanya kadogo ka maabara ubongo wake wote una kama milioni 70 tu. Mi kinachonishangaza ni vile zinavyojiendesha, mwaka 1899 kule London wanasayansi wawili, Bayliss na Starling, walikata neva za nje zinazoenda kwenye utumbo wa mbwa, na bado ukiweka kitu ndani utumbo unabana nyuma yake unalegea mbele yake, kinasukumwa hivyo hivyo mpaka chini bila ubongo kutoa amri.

Nesi Wodi ya Watoto: Ukitaka kuona kazi ya hizo seli angalia mtoto aliyezaliwa bila nazo, ugonjwa wa Hirschsprung. Mimba ikiwa changa seli zinasafiri kushuka na utumbo, sasa zikiishia njiani kile kipande cha mwisho cha utumbo mpana kinabaki kimebana muda wote, choo hakipiti, tumbo linajaa linakuwa gumu kama ngoma, mtoto anatapika kijani. Ubongo wake mzima kabisa lakini hauwezi kukilegeza. Tiba ni opareshini, wanakitoa wanaunga sehemu yenye seli. Jamani kichanga akimaliza siku mbili hajapata choo kile cheusi cha mwanzo msimpe dawa za kienyeji, mkimbizeni hospitali.

Kijana_wa_PCB: Duh, asante dada. Na la mtihani je?

Mzee wa Maabara: Hapo ni mawasiliano, kuna neva inaitwa vagasi inaunganisha ubongo na tumbo, na nyuzi zake nyingi zinapeleka taarifa juu, chache ndo zinashusha amri. Ukiwa na hofu ubongo unatuma ishara kwa neva na homoni, tumbo la chakula linapunguza kasi, utumbo mpana unaongeza, ndo unajikuta unakimbilia choo. Kufikiria kunabaki kichwani.