Ngozi nyeusi na tiba ya mwanga kwa saratani ya ngozi: weusi unaziba miale?

Wakuu, naomba mawazo. Nina maikosisi fungoidesi, ile saratani ya limfu inayoanzia kwenye ngozi. Yangu ilikuja kama mabaka meupe kiunoni na mapajani, miaka ikapita nikidhani ni fangasi. Sasa naingia kwenye kibanda cha taa za UVB, aina ya miale ya urujuanimno, mara 3 kwa wiki, mwezi wa 2 huu. Mwenzangu mwenye ngozi ya maji ya kunde tulianza pamoja, mabaka yake yanafifia. Yangu yapo vilevile, na mimi ni mweusi tii. Au weusi wangu ndio unazuia?

Jicho la Tatu: Unazuia kiasi. Melanini, ile rangi ya ngozi, hufyonza miale kabla haijazifikia seli T, yaani seli za kinga zilizogeuka saratani na kujazana ngozini, ndiyo maana dozi hupangwa kwa rangi ya ngozi. Kipimo wanachotumia wengi ni cha Fitzpatrick, cha 1975, kinachogawa ngozi kwa aina kulingana na inavyoungua juani. Kilianza na ngozi za weupe tu, zetu, aina ya 5 na ya 6, zikaongezwa baadaye! Uliza dozi yako ni ngapi na inapandaje.

Mama Pacha: Pole ndugu yangu. Mimi niliulizwa kila mara kama nimekuwa mwekundu, najitazama kwenye kioo, nasema hapana. Kumbe wekundu kwenye ngozi kama yetu haujitokezi. Ngozi ilikuwa ya moto na inauma nikiigusa, sikusema, dozi ikapandishwa, nikaungua. Wewe sema joto, maumivu na kuwasha, usingoje rangi.

Mzoefu: Hayo mabaka meupe huonekana zaidi kwa watu weusi, na kwa kawaida huitikia mwanga vizuri. Miezi 2 ni mapema. Yakiwa mazito yaliyoinuka, daktari anaweza kukuhamishia PUVA: unameza soraleni kwanza, dawa inayoifanya ngozi iathirike zaidi na mwanga, halafu unapigwa UVA, miale mingine ya urujuanimno ambayo huzama ndani zaidi. Ila miwani ya kukinga macho ni lazima. Na ukibakiwa na madoa meusi, usikate tamaa, huenda ni rangi tu iliyobaki, si ugonjwa. Wakitilia shaka watakata kinyama wakipime.

Mwanzisha uzi: Asanteni. Nimeuliza leo. Dozi haijapanda tangu wiki ya 3, maana nilikuwa naruka siku, na ukiruka hawapandishi. Hilo sikuwaambia hapa mwanzo.

Mama Pacha: Haya, kumbe!