Nanenane Nzuguni: twende na banda au twende kutazama tu? (tuko wafumaji saba)

Mama wa Ipagala:

Mbukwenyi wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mfumaji wa hapa Ipagala, Dodoma mjini. Tuko wanawake saba. Kila Jumamosi saa tisa alasiri tunakutana chini ya mwarobaini nyuma ya nyumba yangu, kila mtu na kigoda chake, tunafuma mpaka kuku waanze kurudi bandani. Sweta za shule ndizo zinatuingizia hela: bluu nzito, shingo ya V, kazi ya kuchosha lakini mteja hakosekani, maana asubuhi za Juni mpaka Agosti hapa mtoto anaenda shule akitetemeka. Kofia na soksi za vichanga tunafuma kwa kupenda. Vitambaa vya makochi tunapokezana kwa kroshia. Bibi yetu mmoja, Mgogo wa Bahi, anafuma kwa spoku za baiskeli alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe. Tulimnunulia sindano za dukani, akazitumia kuchomea mihogo.

Sasa Nanenane, yale maonesho ya wakulima ya mwezi wa nane pale viwanja vya Nzuguni, inakaribia na kikundi kimegawanyika. Wanne wanataka tuchukue meza tuuze. Mimi na bibi tunataka twende kutazama tu. Mmoja anasema atakwenda popote penye nyama choma.

Mwaka jana tulikwenda kuuza, na nitawaeleza ilivyokuwa ili msiseme naongea kwa uvivu. Tulipewa nafasi pembeni ya njia. Mnaijua Nzuguni mwezi wa nane: upepo hauombi ruhusa. Nilikuwa nimetandaza seti ya vitambaa vyeupe, viti vyote na meza, kazi ya wiki tatu, pembe zote na maua ya nanasi. Kufika saa nane mchana vilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama mmoja akashika kimoja, akakikung'uta, vumbi likamwingia machoni, akakirudisha mezani akanipa pole. Pole yake ndiyo pekee niliyoipata siku ile. Tuliuza kofia nne.

Halafu ikaja ya uzi. Tulichanga elfu kumi kumi tukampa mweka hazina wetu anunue uzi wa bluu wa kufumia sweta za msimu wote, tukijua kwenye maonesho tutapata bei ya pamoja. Akanunua kwenye banda la kwanza aliloliona, mabonge mengi, akarudi anatabasamu. Nyumbani nikafuma kifua na mgongo, nikafuma mikono, nikaunganisha. Nikaitundika kwenye kamba nje. Mkono wa kulia ulikuwa wa mtoto mwingine! Bluu, ndiyo, lakini bluu iliyoelekea zambarau. Mzazi aliniuliza kama mwanawe amehamia shule mbili.

Hatukugombana waziwazi. Tulinyamaziana wiki mbili, na nyie mnajua kwamba kwa wanawake wanaokaa chini ya mti mmoja hilo ni baya kuliko ugomvi.

Kwa hiyo naomba ushauri. Kwanza, je, ni upuuzi watu saba kulipa nauli na kiingilio kwenda kutazama tu? Pili, mnaokwenda kwa kikundi mnafanyaje msipotezane? Mwaka jana mtandao ulizidiwa, wawili tuliwakuta nyumbani wameshakula na kuoga. Tatu, uzi. Sitaki tena mkono wa mtoto mwingine.

---

Fundi Sweta, Makole:

Mama wa Ipagala, nimecheka mpaka mume wangu kaja kuuliza.

Uzi wako ni suala la loti. Angalia karatasi iliyozunguka bonge. Kuna namba ya rangi, na pembeni au chini yake kuna namba nyingine ya loti, yaani pipa la rangi ambamo uzi ule ulichovywa. Rangi inaweza kuwa na namba ileile lakini pipa la juzi na pipa la leo hazitoki sawa. Ukishika bonge mkononi huoni tofauti, ukishafuma kipande kikubwa inakuonyesha meno. Kwa hiyo nunua mabonge yote ya sweta moja yenye loti moja, na uongeze moja la akiba. Kama loti hazitoshi, fuma mistari miwili kwa bonge hili na miwili kwa bonge lile, tofauti itamezwa. Usilifanye hilo kwenye mikono ya sweta peke yake.

Mkikutana na sindano za bei poa, tazameni namba vizuri. Namba 8 ya zamani ya Kiingereza ni milimita 4. Namba 10 ya zamani ni nyembamba zaidi, milimita 3.25, maana zile za zamani namba ikipanda sindano inakonda. Mwenye mchoro wa zamani akinunua sindano ya milimita 8 atafuma neti ya kuvulia samaki Mtera.

Kuhusu siku: msiende tarehe 8 yenyewe. Ni sikukuu, kuna mgeni rasmi, kuna foleni, na mtaona migongo ya watu tu. Maonesho yanaanza tarehe mosi. Nendeni tarehe 3 au 4, saa mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka.

---

Mpita Njia 255:

Uzi nendeni Soko la Majengo, kwa nini mkanunue kwenye maonesho bei ya watalii? Na kwenda saba kutazama ni nauli ya daladala mara kumi na nne. Pigeni hesabu.

---

Bwana Mifugo:

Samahanini akina mama kwa kuingilia, mimi nafuma kamba za ng'ombe tu. Lakini nipo kwenye mabanda ya mifugo karibu kila mwaka na kuna jambo linanikera kidogo: wafumaji wanapita kwenye kondoo wakiwa na haraka ya kwenda kwenye mabanda ya nguo. Pitieni kwetu.

Mtu huniuliza kila mara, "Kondoo wamejaa Dodoma, mbona uzi wa sufu hatuna?" Mlete aulize kwa mkono. Shika mgongo wa kondoo wetu wa kichwa cheusi, au yule mwekundu wa Kimasai. Utakuta nywele fupi, ngumu, zimelala kama za mbuzi. Hawa ni kondoo wa nywele. Kondoo wa sufu kama merino ana koti linaloota bila kukoma, asiponyolewa kila mwaka anateseka. Hapa kwetu, kwenye joto na miiba ya migunga, koti lile lingekuwa adhabu. Wetu wamejaaliwa mambo mengine. Wanabeba mafuta mkiani au matakoni kwa ajili ya kiangazi, na yule wa Kimasai anastahimili minyoo kuliko wageni wengi.

Kwa hiyo mnachokiita sufu madukani, kwa sehemu kubwa si mnyama kabisa.

---

Fundi Sweta, Makole:

Bwana Mifugo kasema kweli. Kata kipande cha uzi urefu wa kidole, ushike kwa kibano, ukiwashe juu ya sahani. Sufu ya kweli inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu linalosagika. Pamba inawaka kama karatasi. Uzi wa akriliki, ule wa kutengenezwa kiwandani ambao ndio wetu wa sweta za shule, unayeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Fanyeni nyumbani, si kwenye banda la mtu! Na kwa sababu hiyohiyo msiipige sweta ya akriliki pasi ya moto, italala kama chapati na haitaamka.

---

Dada Mkubwa wa Baltimore:

Mama wa Ipagala, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Kondoa, naishi Marekani. Nimesoma swali lako la kwanza mara mbili kwa sababu huku ndicho tunachokifanya kila mwaka na hakuna anayekiita upuuzi.

Wikiendi ya kwanza kamili ya mwezi wa Mei kuna tamasha la kondoo na sufu la jimbo hili la Maryland, kwenye viwanja vya maonesho vya Howard County, pale West Friendship. Naenda na wenzangu wanne tunaofuma pamoja. Kuna mashindano yanaitwa kutoka kondoo hadi shali. Kila timu ina kondoo hai. Mmoja ananyoa, wengine wanaisokota ile sufu kwenye magurudumu papo hapo, bado ina mafuta na harufu ya zizi, na mwingine anafuma shali kwenye kitanda cha mfumi. Saa chache tu, shali inanadiwa. Mara ya kwanza nilisimama pale nikasahau kula.

Sasa sheria zetu, chukua utakazozitaka. Saa ya kwanza hakuna kununua kitu. Unazunguka, unashika, unauliza, unaandika bei mkononi. Aliyenunua kabla ya saa ile ananunulia wote chai. Hela ya kikundi na hela ya mtu hazikai pochi moja. Na mahali pa kukutana pawe kitu kisichohama na kisichofanana na kingine. "Getini" si mahali. Sisi tunakutana kwenye choo cha mwisho, kwa kuwa kila mtu atapita hapo tu.

Kubwa kuliko yote: kila mtu anakwenda amevaa alichofuma. Huko kwenu Agosti saa mbili asubuhi sweta inavalika bila mtu kukushangaa. Mgongo wako ndio banda, na mgongo haulipiwi nafasi. Mtu akikusimamisha akauliza "umenunua wapi hiyo", unampa namba ya simu. Mwaka juzi nilipata wateja watatu kwa kusimama kwenye foleni ya viazi.

---

Msusi wa Milulu, Iringa:

Mimi ni wa upande wa pili wa meza, nauza vikapu, nimeshawahi kupanda basi la kupitia Mtera na mizigo yangu kuja Nzuguni. Nisemee wauzaji kidogo. Watazamaji hatuwachukii. Tunamchukia anayepiga picha kikapu bila salamu ili akamwonyeshe fundi wa kwao.

Njoo, salimia, kaa. Asubuhi hatuna wateja, tunapenda kuongea. Nitakuonyesha milulu, yale majani ya kusukia, inavyolowekwa isije ikakatika, na namna ya kuanza kitako, maana kikapu chote ni kitako, ukikosea hapo kitayumba mpaka juu. Mfumaji wa kroshia anaelewa upesi, kwa sababu na nyie mnaanza kitambaa cha mduara katikati na kuongeza mkizunguka. Mama mmoja wa Dodoma nilimfundisha hivyo, naye akanifundisha ua la nanasi. Hakuna aliyelipa.

---

Mpita Njia 255:

Haya, nauli nimeifuta. Ila uzi ni Majengo.

---

Mama wa Ipagala:

Asanteni sana. Nimemsomea bibi yote haya mchana huu. Ya kondoo amesema alikuwa anajua tangu utotoni, hakuna aliyemuuliza. Ya mgongo kuwa banda ameipenda, ameanza kutafuta ile sweta yake ya kijani aliyofuma enzi kikundi kilipoanza.

Tumekubaliana tarehe 4. Hatuchukui meza. Tunakutana kwenye kondoo wa Bwana Mifugo, kwa kuwa ni kitu chenye harufu na hakipotei. Uzi tutautazama loti. Nimebakiwa na moja tu: nani atashika hela? Sitaki kumwumiza mtu, lakini mweka hazina wetu bado hajasema kwa nini alinunua mchanganyiko ule.

---

Bluu Mbili:

Mama, mimi ndiye mweka hazina. Nimejiunga jukwaa leo baada ya binti yangu kunionyesha simu akicheka.

Nitasema sasa kwa sababu chini ya mwarobaini nilishindwa. Lile banda lilifunikwa turubai la bluu. Kila kitu mle ndani kilikuwa bluu, mpaka meno ya muuzaji. Nilipanga mabonge yote pamoja yakafanana kabisa, hata karatasi sikuzitazama kwa sababu miwani niliiacha nyumbani, na nilikuwa naogopa mtanicheka nikiwaambia sioni vizuri. Nje kwenye jua niliona tofauti, lakini tayari nilishalipa, nikanyamaza.

Hela sitaki kushika mwaka huu. Ashike mwingine. Mimi nitakuwa wa kuutoa uzi nje ya turubai, na miwani nitavaa.

---

Mama wa Ipagala:

Kumbe. Mwenzangu, mbona hukusema? Mimi mwenyewe kitanzi cheusi usiku sikioni, nakisikia kwa kidole.

Hela utashika wewe, mimi nitakuwa pembeni yako. Na Jumamosi njoo mapema, ile sweta ya yule mtoto ninayo bado. Njoo tufumue ule mkono.