Goldberg ya Glenn Gould: rekodi ya 1955 au ya 1981?

Mleta mada, Upanga: Ndugu wapenzi wa piano, ninalinganisha rekodi mbili ambazo mpiga piano Glenn Gould wa Kanada aliifanyia kazi ileile ya Bach, Goldberg Variations, iliyochapishwa mwaka 1741, yenye aria (kipande cha mwanzo) na variesheni 30, yaani vipande vinavyoibadilisha aria hiyo kwa namna mbalimbali huku vikifuata mwenendo wa besi yake, yaani sauti ya chini. Zote mbili zilirekodiwa New York, katika studio moja. Ya kwanza, aliyoipiga akiwa na miaka 22, ina dakika 38 na ushee; ya pili ina dakika 51. Mimi naegemea ya kwanza, kwa kuwa hata pale vidole vinapokwenda mbio kila noti inasikika imekatwa safi. Je, anayeanza kusikiliza mngempa ipi?

Mwalimu wa Kinanda, Kinondoni: Ndugu mleta mada, hizo dakika zisikuhadae. Ni kweli kwamba aria ya mwanzo haifikishi dakika mbili katika rekodi ya 1955 na inapita tatu katika ile ya 1981, lakini variesheni ya 25, yenye majonzi kuliko zote, ni fupi kidogo katika ya 1981. Sehemu ya muda ulioongezeka inatokana na marudio: mwaka 1955 hakurudia sehemu yoyote, ilhali mwaka 1981 alirudia nusu ya kwanza ya variesheni kadhaa, hasa zile kanoni (ambamo sauti moja inaiga nyingine kwa kuifuata nyuma) zinazokuja kila baada ya variesheni mbili. Jambo kubwa zaidi ni mapigo. Mara ya pili aliyaoanisha, hata mwendo wa variesheni moja ukazaa mwendo wa inayofuata. Fuatilia mkono wa kushoto peke yake na utalisikia hilo. Anayeanza ningempa ya 1981.

Kijana wa Mbagala: Shikamoo, Mwalimu. Hoja yako naikubali, ila huku kwetu aria ya 1981 humezwa na feni na bodaboda kabla haijafika katikati. Ya 1955, ingawa ni mono (sauti ya mkondo mmoja tu), hupenya hata kwenye spika ya simu. Ile nyingine naisikiliza usiku wa manane kwa hedifoni, na hapo mguno wa Gould, anayeimba chinichini huku akipiga, unaniudhi.

Bibi wa Kigamboni: Wanangu, Bach aliiandikia kinanda cha harpsikodi chenye safu mbili za vibonyezo, akaweka alama za kurudia kila sehemu. Msikilizeni mpiga piano Murray Perahia katika rekodi ya mwaka 2000: anarudia, na hagumi.

Mleta mada, Upanga: Shikamoo, Bibi, nitamtafuta. Mwalimu, nimeziweka sambamba variesheni za 25. Katika ya 1955 Gould anakawia juu ya kila noti yenye uchungu. Katika ya 1981 anaipitia bila kusimama, na uchungu unabaki kwenye besi inayoshuka. Kwa variesheni ya 5 sibanduki kwenye ya 1955, lakini kwa hii ya 25 nachukua ya 1981.