Ushauri: Honda C70 imekufa injini, nifunge ipi?

Mkwaju_Tanga
Wakuu, habari za jioni. Nina Honda C70 ya zamani, ile ya volti 6 na platini (vidole vya kukata umeme wa plagi), nimeinunua kwa mwalimu mstaafu. Bodi iko vizuri, tangi halivuji, ila injini ndiyo imechoka kabisa: moshi wa bluu, kranki inagonga, na bloku imeshachongwa mpaka oversaizi ya mwisho, haipanuki tena. Fundi wa mtaani anataka kuchomelea vyuma kwenye fremu anifungie injini ya pikipiki ya Boxer. Kariakoo nimeonyeshwa injini za Kichina za kulala (silinda imelala): cc 110 isiyo na klachi ya mkono, na cc 125 yenye klachi ya mkono. Bei hazipishani sana. Nazunguka nayo Muheza mjini, na mara kwa mara napanda mlimani Amani. Nichukue ipi? Natanguliza shukrani.

Gia_ya_Tatu
Ya Boxer ikatae leo leo. Silinda yake imesimama, ya C70 imelala karibu sawa na ardhi. Halafu Cub, yaani jamii ya hiyo C70 yako, haina bomba la fremu mbele. Injini inashikwa na boliti mbili tu upande wa nyuma, ya juu na ya chini, na fremu yenyewe ni bati lililokunjwa kiwandani. Ukianza kuchomelea hapo, siku moja litapasuka nawe uko juu.

Mzee_Platini
Mimi ningefufua ile ile. Bloku inavishwa silivu mpya (bomba la ndani la silinda), kranki inabadilishwa konrodi na beringi, maisha yanaendelea. Honda anaunda hizi Cub tangu 1958, siyo chuma cha kutupa.

Gia_ya_Tatu
Mzee nakuheshimu, lakini fundi wa kupiga kranki ikae senta siku hizi wa kutafuta kwa tochi. Na hata akipatikana, cc 72 na gia tatu kupanda Amani na mzigo ni mateso.

Mkwaju, chukua 110. Injini za kulala za Lifan, Zongshen na Loncin zimefuata ramani ya Honda, matundu ya boliti yanakubali bila kuchomelea kitu. 125 siyo mbaya, ila usukani wa Cub hauna mahali pa mkono wa klachi, na nyingi za namna hiyo gia zake ni moja chini, fri, halafu zinapanda. Wewe mguu umezoea kukanyaga mbele tu. Utachanganya siku ya mvua.

Kabla hujalipa angalia mambo mawili. Stata imekaa wapi? Ikiwa juu ya injini inaweza kugombana na fremu, kwa hiyo nenda na vipimo, au chukua ya kiki tupu. Pili, beba sproketi yako ya mbele uijaribishe kwenye shafti, maana shafti hazilingani unene. Ukishafunga, weka rula ndefu kutoka sproketi ya nyuma hadi ya mbele. Cheni ikienda upande inakula meno haraka sana.

Bi_Waya
Mmesahau umeme, na huko ndiko pesa inakopotelea. Injini mpya ni ya volti 12 na CDI, kile kiboksi cha kielektroniki kinachowasha plagi badala ya platini. Kwa hiyo betri, balbu zote, honi na flasha vinabadilika, na lazima kuwe na regyuleta ya kuzuia umeme usizidi. Fundi akikwambia "haina haja, tutaunga moja kwa moja", mnyang'anye spana. Ukikanyaga mafuta balbu zitaungua zote.

Kingine: kwenye CDI zinazopata moto kutoka kwenye koili ya injini, waya mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Injini inazimika waya huo ukigusishwa kwenye bodi. Ukiupelekea moto wa betri kupitia swichi, CDI imekwenda. Nimeletewa pikipiki za namna hiyo, mwenyewe analaumu duka.

Mzee_Platini
Sawa, nimeshindwa kwa hoja. Ila breki je? Zile dramu zilitengenezwa kwa cc 72. Kupanda Amani siyo tatizo, tatizo ni kushuka. Weka brake shoo mpya mbele na nyuma, kagua kebo, na ushuke na gia ya pili.

Na namba ya injini iko kwenye kadi. Omba risiti yenye namba ya injini mpya, uende TRA wakubadilishie, usije ukaanza kujieleza kwa trafiki. Injini ya zamani usiuze chakavu, itie oili uiweke stoo.

Mkwaju_Tanga
Nimewaelewa wakuu, naenda na 110 ya kiki. Swali moja: kabureta yangu ya zamani naweza kuitumia? Bado nzima kabisa.

Gia_ya_Tatu
Usihangaike nayo. Tumia kabureta na manifodi zinazokuja na injini, na kama kabureta inagusa ile ngao ya miguu, kata kidogo upande wa ndani usikoonekana. Ila angalia: kwenye C70 za volti 6 koki ya mafuta iko kwenye kabureta yenyewe. Ukiitoa hubaki na pa kufungia mafuta. Nunua koki ndogo ya kuunga kwenye mpira, pamoja na chujio. Oili iwe ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, klachi inaoga humo humo.