Huyu mama wa pazia alidumuje miaka yote hiyo kwenye vichekesho?

Binti_Igoma:
Wakuu habari za jioni. Mimi ni dada wa miaka 29 nipo hapa Mwanza, naigiza vichekesho na kikundi chetu, tunazunguka mashuleni, kwenye send-off, na samaki wakichanganya hela ikiwepo mialoni tunavuka mpaka Ukerewe. Sasa wiki iliyopita kiongozi wetu kanambia mbele za watu eti mchekeshaji wa kike ana miaka mitano tu, akishazaa au akinenepa ajiandae kukaa mlangoni kukata tiketi. Iliniuma aisee. Usiku huo huo napitapita mtandaoni nikakutana na kipande cha mama wa kizungu anashuka ngazi kavaa gauni la pazia la kijani na bomba la pazia limo humo humo limemtokeza mabegani, nilicheka mpaka nikaamsha mtoto. Jina lake Carol Burnett, nasikia kashavuka miaka 90 na juzijuzi bado yumo kwenye tamthilia. Swali langu ni dogo tu, alidumuje? Maana mimi dada zangu wote walionitangulia kwenye kikundi nawakuta Mwaloni wanauza dagaa, sio kwamba dagaa ni kazi mbaya ila mnanielewa.

Mzee_wa_Rimoti:
Umegusa penyewe, huyo mama nimemfuatilia kitambo. Kazaliwa 1933 San Antonio, Texas, wazazi wote pombe ilikuwa imewashinda, akalelewa na bibi yake chumba kimoja huko Hollywood. Ukiona mwisho wa kipindi anavuta sikio ujue ndio salamu ya bibi hiyo. Jukwaani alitoka 1959 New York, mchezo wa Once Upon a Mattress, kacheza binti mfalme mwenye kelele asiye na aibu, hapo hapo akawa anaonekana na kwenye kipindi cha TV cha Garry Moore.

Ila jibu la swali lako lipo kwenye karatasi. Alipoingia mkataba wa miaka kumi na CBS, kituo cha TV cha Marekani, mlikuwa na kipengele kwamba ndani ya miaka mitano ya mwanzo yeye akisema tu nataka, wao lazima wampe vipindi 30 vya saa nzima vya vichekesho na muziki. Miaka ikaenda. Wiki ya mwisho ya 1966, muda unakaribia kuisha, akapiga simu. Bosi kilishamtoka kichwani, akaanza kumbembeleza kwamba vipindi vya namna hiyo ni vya wanaume, chukua basi kakomedi ka nyumbani ka nusu saa. Mama akagoma. Kipindi kikaanza Septemba 1967 kikaja kuisha 1978, yaani misimu 11, na mwenye kipindi ni yeye. Sasa wewe na huyo kiongozi wako mmeandikishana nini?

Karabai_Imezima:
Mkuu CBS ya wapi tena, huku mkataba wetu ni "nitakurushia kesho" 😂

Ila msituletee Marekani kila siku. Mimi nimekulia Tarime, tulikuwa tunashika KBC, TV ya Kenya, kwa antena ya kufunga juu ya mti, mmoja anazungusha mwingine anapiga kelele dirishani hapohapooo. Mama Kayai wa kipindi cha vichekesho cha Vitimbi nimeanza kumwangalia nikiwa na kaptula, mpaka mwenzie Mzee Ojwang anafariki 2015 mimi nishaoa, na kwetu bado watu wanamwita mama. Nani alimwambia muda wake umeisha? Tena Mwanza hii hii vichekesho vya Futuhi vilikuwa vinatoka Star TV, watu wanavijua nchi nzima, halafu mtu anakaa Igoma anakutishia miaka mitano.

Shangazi_wa_Jukwaa:
Mwanangu pole. Mimi nilicheza vichekesho kwenye kumbi za baa hapa mjini kabla TV haijaanza huku bara, yaani kabla ya 1994, kwahiyo niache niseme kidogo.

Hicho kipande cha pazia ni cha 1976. Kwenye maandishi ilikuwa ajitundike tu kitambaa, fundi wake wa mavazi Bob Mackie ndio akaja na wazo la kuliacha bomba. Lile gauni leo liko makumbusho ya Smithsonian. Lakini kirudie ukiangalia uso wake, achana na bomba. Hacheki. Anashuka kama malkia kweli kweli, ukumbi unapasuka na yeye anawasubiri wamalize. Mimi siku moja naigiza nesi, kitenge kikafunguka kikaanguka chini nikabaki na gagulo. Nikakitazama kile kitenge, nikahesabu moyoni moja mbili tatu, kisha nikamwuliza mgonjwa kama kadi ya kliniki anayo. Mzee mmoja wa mbele alimwaga bia yake yote. Ningekikimbilia kitenge nisingepata kitu.

Na kingine, kipindi kina jina lake lakini anawaachia wenzie. Tim Conway alikuwa anakuja na vituko ambavyo mazoezini hakuvifanya, Harvey Korman anashindwa kujizuia anacheka hadharani, na mama yuko pembeni anawatazama. Sisi kwenye kikundi chetu tulikuwa tunanyang'anyana kicheko kama kunguru na dagaa, ndio maana kikafa. Halafu kila kipindi alikuwa anaanza kwa kuwashiwa taa ukumbini watu wamwulize maswali wanayotaka, hakuna cha kukariri. Hilo lifanyieni mazoezi, halina gharama.

Mzee_wa_Rimoti:
Shangazi heshima yako. Niongezee tu, mchekeshaji Lucille Ball, yaani Lucy, ndiye alikuwa dada mkubwa kwake kwenye kazi, kila birthday ya Carol anamtumia maua. Lucy kafariki asubuhi ya 26 Aprili 1989, ndio birthday yenyewe, na maua yakafika siku hiyo hiyo. Hii huwa naisimulia baa watu wananiona muongo.

Binti_Igoma:
Wabeja sana wote, shangazi nimekusoma mara tatu. Karatasi nitamwomba kiongozi Jumatatu, akikataa nitawajuza. Jumamosi tuna send-off Nyegezi, nimeshaongea na mama mwenye nyumba kaniazima pazia, maruni lakini sio kijani, na bomba fundi wa Mabatini kanipa. Nauliza la mwisho, bomba lina mita mbili, hivi hawa makonda wa hiace watakubali niingie nalo au nitaambiwa nililipie siti?