Bunduki ya nusu-otomatiki ya kulinda mbuzi kwa dola 900: Ruger, Smith & Wesson au SKS?

MfugajiMpya:
Salaam kwenu ndugu zangu. Nimeamua kununua bunduki ya nusu-otomatiki kabla mbuzi wangu hawajaanza kuzaa, na fedha niliyotenga ni dola 900. Nimezunguka madukani na nimebaki na nne ambazo kila moja inanivuta kwa sababu yake: Ruger 10/22, Ruger Mini-14, Smith & Wesson M&P15 Sport, na SKS iliyotumika ambayo mtu mmoja ananiuzia, ile ambayo Tanzania tumezoea kuiita SAR. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, na mnipe sababu, kwa maana kila muuzaji anasifia iliyo rafuni kwake.

Mwanamvita:
Karibu, ndugu. Umeacha mambo ambayo bila hayo hakuna anayeweza kukujibu kwa haki. Uko jimbo gani la Marekani? Jimbo la Washington lilipiga marufuku uuzaji wa bunduki za jamii ya AR-15, ambamo M&P15 imo, mwezi Aprili 2023, na Illinois lilikuwa limetangulia mwezi Januari mwaka huohuo, kwa hiyo ukiwa huko orodha yako imeshapungua kabla hatujaanza. Pili, unamlinda mbuzi dhidi ya nani, na kwa umbali gani? Tatu, wewe ni raia, una kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu), au uko kwa visa? Nne, hizo dola 900 ni za bunduki peke yake, au ndani yake kuna darubini, risasi na sefu?

BabaFaraja:
Mimi sihitaji kusubiri majibu hayo. Chukua M&P15. Vipuri vyake vinaingiliana na vya AR-15 za viwanda vingine vingi, magazini zake, yaani vibebea risasi, zinapatikana kila duka kwa bei nafuu, na ukitaka kubadilisha kitako, kifyatulio au hata mtutu hulazimiki kumtafuta fundi maalumu. Kwa kawaida utaipata chini ya dola 800. Mini-14 ninaiheshimu, lakini mpya inavuka dola 1,000, kwa hiyo sielewi imeingiaje kwenye orodha ya mtu mwenye 900.

MfugajiMpya:
Asanteni. Niko Texas, nje kidogo ya San Angelo, kwenye ardhi ya kukodi ambayo mwenyewe ameniruhusu kwa maandishi kuwinda waharibifu. Wanaonisumbua ni koyote, hawa mbweha wa Marekani. Msimu uliopita walichukua vitoto vya mbuzi usiku, na mara nyingine nikakuta mama amejeruhiwa kwapani na kwenye koromeo. Nguruwe mwitu nao wanapita chini ya uzio na kuacha matundu ambayo koyote huyatumia. Kutoka kibandani hadi kona ya mbali ya uzio ni kama yadi 150. Nina kadi ya kijani. Na dola 900 ni za kila kitu.

Mwanamvita:
Hapo tunaweza kuzungumza. Kwa upande wa sheria, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa kununua, na umri wa kununua bunduki ndefu kwa muuzaji mwenye leseni ya serikali kuu ni miaka 18. Utajaza Fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununulia silaha, na utaonyesha kitambulisho chenye anwani unayoishi pamoja na namba yako ya uhamiaji. Soma kila swali. Linaloulizwa kwa uzito kuliko yote ni kama wewe ndiye mnunuzi halisi, maana kumnunulia mtu mwingine huku ukijiandika kuwa ni yako ni kosa la jinai, na Mahakama ya Juu ya Marekani ililishikilia jambo hilo mwaka 2014 hata pale ambapo aliyenunuliwa naye pia alikuwa na haki ya kumiliki. Nawaomba pia walio kwa visa ya masomo au ya kazi wasidhani kwamba ruhusa ya mwenye kadi ya kijani inawahusu. Wao kwa kawaida wamekatazwa, isipokuwa kwa masharti maalumu kama kuwa na leseni halali ya uwindaji.

Ninasisitiza haya kwa sababu hukumu ya kosa la silaha, hata lile ambalo raia angelipia faini akarudi nyumbani, inaweza kumwondoa nchini mtu mwenye kadi ya kijani. Ndiyo maana hiyo SKS ya mtu binafsi sikushauri. Texas inaruhusu, tena haidai hata ukaguzi wa dukani, kwa mauzo kati ya watu wawili wakazi wa jimbo hilo, lakini wewe ndugu yangu unahitaji karatasi kuliko jirani yako aliyezaliwa pale. Ikiwa lazima uinunue, mwombe muuzaji muipitishie kwa mwenye leseni.

Kisimani:
Nakubaliana kuhusu SKS, na sababu yangu ni ya kiufundi. Niliinunua moja kwenye maonyesho ya silaha kutoka kwa mtu aliyenihakikishia kwamba ameisafisha yote. Nje iling'aa kweli. Tulipofika uwanja wa shabaha nilijaza risasi kumi kwenye magazini yake isiyotoka, nikavuta bolti, kile chuma kinachofunga risasi ndani ya mtutu, na kuiachia. Bunduki ikalia kabla sijagusa kifyatulio, kisha ikalia tena, na tena, bila kusimama, mpaka magazini ikaisha. Namshukuru Mungu mtutu ulikuwa umeelekea kwenye tuta la udongo, na mwanangu alikuwa nyuma yangu na masikio yake yamezibwa.

Fundi alipoifungua nilielewa. Bunduki hizi zilihifadhiwa ghalani kwa miaka mingi zikiwa zimepakwa grisi nzito dhidi ya kutu. Aliyenisafishia hakuichomoa pini ya kufyatulia kutoka ndani ya bolti, na grisi ile ilikuwa imeganda humo kama nta. Pini ya SKS nyingi haina springi ya kuirudisha nyuma. Inapaswa kuelea huru. Ikigandia mbele, ncha yake inagonga fataki ya risasi kila bolti inapojifunga. Fundi aliichemsha ile bolti, akaitikisa mbele ya sikio langu nisikie pini ikicheza ndani, na akanifundisha nifanye hivyo kila ninapokwenda kulenga. Kuanzia siku hiyo imekuwa salama, lakini sitampa mtu anayeanza bunduki hiyo. Na bado sijazungumzia risasi kuukuu za kijeshi ambazo masalia yake ni chumvi, ambazo zisipooshwa kwa maji ya moto siku hiyohiyo zinaula mtutu.

MzeeWaMlimani:
Kijana, ninayo Mini-14 tangu zamani. Ina kitako cha mti, haina sura ya jeshi, na gesi yake inasukuma fimbo nje ya bolti, kwa hiyo masizi hayaingii ndani kama yanavyoingia kwenye AR. Ukiitupa kwenye gari la shamba pamoja na vumbi la Texas, inafanya kazi. Tafuta iliyotumika.

BabaFaraja:
Mzee, shikamoo. Kwa heshima zote, Mini-14 za zamani zilijulikana kwa kutawanya risasi mtutu ukipata joto, na ni baada ya kiwanda kubadilisha mitambo yake katikati ya miaka ya 2000 ndipo shabaha ikatulia. Anayenunua iliyotumika kwa bei ya chini ana uwezekano mkubwa wa kupata ile ya zamani. Magazini zake nazo ni ghali, na za viwanda vingine mara nyingi hukwama.

MzeeWaMlimani:
Marahaba. Koyote hahitaji risasi tatu kwenye tundu moja. Risasi ya kwanza hutoka mtutu ukiwa baridi.

Kisimani:
Tusiisahau 10/22, ambayo imetengenezwa tangu 1964 na ni bunduki nzuri mno ya kujifunzia, kwa sababu risasi zake ni za bei nafuu na haipigi bega. Hata hivyo, kwa yadi 150 haifai. Risasi yake ya .22 inatoka mtutuni na nguvu ambayo kwa kawaida haifiki joule 200, wakati .223 ya M&P15 na Mini-14 inatoka na kama joule 1,700. Kumpiga koyote kwa .22 kwa umbali huo ni kumjeruhi akafie porini kwa mateso, na mfugaji anayemhurumia mbuzi wake hapaswi kumfanyia hivyo mnyama mwingine.

Ukichukua M&P15, jua kwamba darubini inakaa inchi mbili na nusu hivi juu ya mtutu. Ukiilinganisha kwa yadi 50, risasi itarudi kukutana na alama karibu na yadi 200, na hapo katikati tofauti ni ndogo. Lakini koyote akiwa hatua kumi mbele yako, risasi itapiga chini ya unapolenga kwa kiasi kinachokaribia hizo inchi mbili na nusu, na ni kwenye kona ya kibanda ndipo watu hukosa wakashangaa.

MamaNeema:
Kaka zangu, mimi nafuga kondoo na nimewasoma wote bila kuona aliyeuliza nani atakesha. Mfugaji huyu analala. Koyote anakuja saa tisa usiku, na bunduki iko ndani ya sefu, kama inavyopaswa kuwa kwenye nyumba yenye watoto. Mbwa wa Great Pyrenees au Anatolian anakesha kila siku bila kuambiwa. Wafugaji wengi wa Texas huweka hata punda jike katikati ya mbuzi, kwa kuwa punda humchukia mbwa mgeni na humfukuza kwa mateke. Hizo dola 900 zingenunua mbwa wawili na waya wa kuziba matundu ya nguruwe.

BabaFaraja:
Dada, nguruwe mwitu hamwogopi punda.

MamaNeema:
Ndiyo, kaka, na ndiyo maana nimetaja waya. Tena punda sharti awe mmoja, jike au aliyehasiwa, kwa sababu dume linaweza kuua vitoto vya mbuzi, na wakiwa wawili wanakaa pamoja na kuliacha kundi.

Mwanamvita:
Kuhusu nguruwe, tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa anayewaua kwenye ardhi binafsi kwa ridhaa ya mwenye ardhi, na wewe ridhaa unayo. Ninaloulizia mimi ni nyuma ya uzio wako kuna nini. San Angelo ni tambarare, na risasi ya .223 iliyokosa inasafiri mbali. Kuna nyumba au barabara upande huo?

MfugajiMpya:
Upande wa mashariki kuna barabara ya changarawe, na ng'ambo yake nyumba moja. Magharibi ni kilima. Sikulifikiria hilo kabla hujaniuliza, na kona inayonisumbua zaidi ndiyo hiyo ya mashariki. SKS nimeifuta. Jumamosi nitakwenda uwanja ambao wanakodisha M&P15 na Mini-14 nizijaribu zote mbili. Mama Neema, mbwa mdogo akiletwa leo huchukua muda gani kabla hajaweza kuachwa peke yake na mbuzi?

MamaNeema:
Akikulia ndani ya kundi, wengi huaminika wakikaribia miaka miwili. Kabla ya hapo atacheza na vitoto vya mbuzi na anaweza kuwaumiza, kwa hiyo mtafute aliyekwisha kukomaa, hata kama bei yake ni kubwa zaidi.

MzeeWaMlimani:
Kwa kona ya mashariki usipige kutoka chini. Jenga jukwaa la mbao la kukaa juu, ili mtutu uelekee ardhini. Ukiwa na vipimo vya kibanda niandikie hapa nikupe urefu wa nguzo.