Mjadala: Je, mwandishi wa michezo apande basi la timu anayoiandika?

Ndugu wasomaji wa Kusini, naileta hoja hii kutoka Mtwara, na nitangulize kukiri kwamba basi hilo nimewahi kulipanda. Nilikuwa nikiripoti michezo kwa malipo ya kila habari inayochapishwa, na timu moja ya madaraja ya chini ikanipa kiti cha kwenda ugenini, chakula na mahali pa kulala. Usiku, njiani, wachezaji walinung'unika kwamba hawakuwa wamelipwa mshahara kwa miezi mitatu. Habari niliyoituma kesho yake ilieleza mabao, kadi na maneno ya kocha, mshahara sikuutaja. Hakuna kiongozi aliyeniomba ninyamaze, na hilo ndilo linalonisumbua hadi leo, kwa kuwa mtu akipewa bahasha anajua amepokea nini na anaweza kuirudisha, ilhali kiti na sahani ya wali humfunga mdomo bila yeye kujua ni saa ngapi alikubali.

Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, chombo ambacho wanahabari wenyewe walikianzisha mwaka 1995, zinamkataza mwandishi kupokea rushwa na vishawishi. Swali langu ni kama kiti cha basi ni kishawishi. Mimi nasema ndiyo, na nasema asipande.

Mchangiaji wa Masasi:

Ndugu mleta hoja, umeshiba ndiyo maana unakataza wali. Ndanda, timu ya Mtwara, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, Simba na Yanga zilikuja zenyewe kwenye uwanja wa Nangwanda Sijaona mjini Mtwara, na mwandishi wa Mtwara alikwenda uwanjani kwa miguu. Tangu iliposhuka mwaka 2020, anayetaka kuiona Ligi Kuu ana safari ya Ruangwa, mkoani Lindi, inakochezea timu ya Namungo, na timu hiyo ikienda Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Malipo ya habari moja hayafikii nauli ya kwenda, achilia mbali kurudi. Asipopanda basi la timu, habari itaandikwa na msemaji wa klabu, ambaye hana hata dhamiri ya kumsumbua kama inavyokusumbua wewe.

Mleta hoja:

Hoja ya nauli naikubali yote, wala sina jibu la kuivunja. Hata hivyo, tazama yaliyompata mwandishi Andrew Jennings wa Uingereza, aliyefungiwa mikutano ya waandishi ya FIFA kwa miaka mingi kwa sababu ya kuuliza habari za rushwa. Alikuwa nje ya mlango, lakini alikuwa amekwisha kuyaandika mengi kabla viongozi wa soka hawajakamatwa Zurich mwezi Mei 2015. Mlango uliofungwa haukumzuia kuona.

Mchangiaji wa Lindi mjini:

Mfano huo unakugeuka, kaka. Jennings alikuwa na BBC iliyorusha vipindi vyake. Mwandishi wetu akifungiwa mlango na klabu ya mkoani, mhariri humtafuta mwingine anayeingia. Kwa hiyo naona mnamhukumu mtu wa mwisho katika mnyororo. Chombo kinachotaka habari ya ugenini huku kikijua hakijatoa nauli kimekwisha kuamua nani ailipe, na kinajua ni timu. Mimi nisingemkataza mwandishi kupanda. Ningetaka chini ya habari kuwe na sentensi moja: mwandishi amesafiri kwa gharama za klabu. Msomaji apime mwenyewe.

Mleta hoja:

Hapo, ndugu yangu wa Lindi, umenisogeza, ingawa bado sijavuka. Sentensi hiyo ingemwambia msomaji nani alilipa, lakini isingemwambia kwamba kulikuwa na mishahara ya miezi mitatu iliyobaki ndani ya basi. Hata hivyo ni bora kuliko nilivyofanya. Baada ya kuusoma mchango wako nilimpigia aliyekuwa mhariri wangu wakati huo, nikamuuliza kama angeichapisha sentensi ya namna hiyo. Alicheka kwanza, kisha akajibu kwamba angeikata, kwa sababu ukurasa wa michezo haukuwa na nafasi.